Dakika Nne za Njano

Saa yenyewe imetoka mtandaoni.
Imejaa ubao mzima: duara jeupe,
mikono miwili ya buluu inayoburutwa kwa kidole,
na nyuma yake mbingu inayobadilika rangi.
Ukisukuma mkono mfupi hadi juu kabisa
mbingu inakuwa njano, jua linatokeza na meno yake,
linacheka.

Mwalimu Torhild analipenda hilo jua.
Jana usiku alikaa nalo jikoni
akilizungusha, akilizamisha, akilifufua,
chai ikapoa.

Darasa la pili, Vardø, mwanzo wa Desemba.
Watoto kumi na mmoja wenye soksi za sufu,
buti zao mlangoni zinachuruzika theluji.
"Nani atanionyesha adhuhuri?"

Eskil anakwenda. Ananyoosha kidole.
Mkono unapanda, njano inammwagikia
nywele, mabega, kwapa la sweta lililotoboka.
Anatazama ubao. Anatazama dirisha.
"Inadanganya," anasema.

Dirishani, adhuhuri hiyohiyo:
taa za barabarani zinawaka,
kusini kuna mstari mwekundu mwembamba
kama mkwaruzo wa paka,
kisha giza, giza, na bandari.

Nami ninayeandika haya, lugha yangu
huanza kuhesabu kunapokucha.
Mkono ukigusa kumi na mbili, twasema sita,
maana saa sita zimepita tangu jua litoke.
Pale Vardø ningeanzia wapi?
Ningebaki saa sifuri hadi Januari.

Mwalimu hana jibu. Anakuna shingo.
Walioitengeneza saa hii wanaishi juani,
hawakuliwaza dirisha kama hili.
Synne ndiye anayekiona, pembeni mwa ubao,
kigurudumu chenye meno, kidogo kama chawa.
"Bonyeza hapo, Mwalimu."
Kumbe hapo pana nafasi ishirini na nne tupu:
kila saa na picha yake, weka uipendayo.

Kwa siku tatu hesabu inanuka kalamu za nta.
Wanachora, wanapiga picha kwa kishikwambi,
wanazipandisha moja moja, wanagombana.
Synne anachora saa ya mbwa kulia mlangoni.
Aslak anataka saa zote ziwe chakula cha jioni.
Eskil anaanza na alfajiri, kumi na moja:
mlango, na mgongo wa mama yake ukitoka.
Saa nane mchana: mlango uleule,
mama sasa ana uso.
Katikati ni kiwanda cha kaa. Amekipa miguu.
Amekirudia picha nane, haibadiliki hata moja
ila moshi, ambao unazidi.

Jorunn aliiona saa hiyo kwenye simu, wakati wa mapumziko,
glavu moja ameing'ata kwa meno.
Akausogeza mkono mfupi kwa dole gumba lenye baridi
kutoka mgongo hadi uso,
kutoka mgongo hadi uso,
mara sita, mara saba. Kengele ikalia.
Akaongeza moja.
"Sikujua ni mbali hivi," akamwambia Reidun,
aliyedhani anazungumzia kituo cha basi.

Januari jua likarudi kwa dakika nne.
Mizinga ya ngome ikalia, shule ikafungwa,
watoto wakapanda kilimani kulitazama
na wengine walikuwa bado wanavaa kofia lilipozama.

Kesho yake darasa zima lilitaka njano,
njano yote, na lile jua lenye meno.
"Subirini," Eskil akasema.
Akachukua adhuhuri yake, ile nyeusi yenye mkwaruzo,
akasogea ubaoni, akahesabu kwa mkono mrefu
alama moja, mbili, tatu, nne,
kisha akarudi kwenye karatasi
akapaka kipande chembamba cha upana huohuo.

Kalamu ya nta ilivunjika.
Hakuongeza.